Miaka Yangu Kwenye Meza ya Misamaha

Siku ya kwanza kazini nilifika Embu kabla askari hajafungua lango. Nilikuwa nimetoka nyumbani Kibugu alfajiri, nikakata njia katikati ya majani chai, na umande ukanilowesha sketi mpaka magotini. Askari aliponiona nimesimama na bahasha kifuani aliniuliza kama nimekuja kulipa kodi. Nikamwambia nimekuja kuitoza. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka, kisha akanifungulia.

Bendera yetu haikuwa imetimiza miaka ishirini. Ofisi za serikali zilikuwa bado na meza nzito za wakoloni na mashine za chapa zilizopiga kelele kama mvua ya mawe. Mimi nilikuwa karani wa ngazi ya chini kabisa katika ofisi ya kodi ya mapato. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzigonga muhuri wa tarehe, na kuzifunga ndani ya mafaili kwa uzi wa kijani. Ninawaandikia ninyi mlioanza kazi na kompyuta, kwa hiyo nitaeleza: faili la wakati huo lilikuwa na pande mbili. Upande wa kulia zilikaa barua za mteja. Upande wa kushoto yalikaa madokezo, yaani maoni ambayo sisi wafanyakazi tuliandikiana juu ya mteja huyo.

Msimamizi wa ofisi ya Embu alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya mwimbishaji wa kwaya. Siku hiyohiyo ya kwanza alinionyesha faili na kunipa somo lililonikaa kichwani miaka mingi.

"Wawira, mwanangu," alisema, "upande wa kulia ni wa mteja. Upande wa kushoto ni wetu. Siku mteja atakapouona upande wa kushoto, wewe tafuta kazi ya kuchuma chai."

Kuchuma chai nilikujua. Mama yangu alikuwa akichuma, na vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi Jumapili. Nikaapa moyoni kwamba hakuna mteja atakayeuona upande wa kushoto maadamu mimi niko hai.

Nilikaa Embu miaka saba. Nilifanya mitihani ya idara, nikafaulu, nikawa afisa. Ndipo nikahamishiwa Meru na kupewa meza ambayo wenzangu waliiona kama adhabu. Iliitwa meza ya misamaha.

Watu wengi hudhani ofisi ya kodi kazi yake ni kuchukua tu. Lakini sheria ilisema, na bado inasema, kwamba kikundi cha hisani kinachosaidia maskini, wagonjwa, elimu au dini kwa faida ya umma kinaweza kusamehewa kodi. Kikundi hakipati msamaha kwa kujitangaza. Kinaomba. Kinaleta katiba yake, majina ya viongozi na maelezo ya kazi kinayofanya. Mimi nilisoma hayo yote, nikaandika pendekezo: kipewe au kinyimwe. Msimamizi alitia sahihi, faili likaenda makao makuu Nairobi, na jibu likarudi. Wakubwa wa Nairobi hawakuijua Mikinduri wala Kibugu. Waliyajua mapendekezo yetu tu, na mara nyingi waliyafuata neno kwa neno. Kwa hiyo, ingawa cheti kilitoka Nairobi, kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Aliyekubaliwa alipata cheti kizuri chenye muhuri mwekundu. Aliyekataliwa alipata barua ya sentensi moja: "Ombi lenu limefikiriwa na halikukubaliwa." Basi. Haikutaja sababu. Sheria ilimruhusu kukata rufaa mbele ya kamati, lakini niambieni, utakataje rufaa dhidi ya sababu usiyoijua? Ni kama kurusha jiwe gizani. Wakati huo sikuliona hilo. Niliiona barua ile kuwa fupi na safi.

Msimamizi wa kwanza niliyemkuta Meru aliipenda pia. "Barua fupi haina pa kushikwa," alikuwa akisema.

Katika mwaka wangu wa pili pale, asubuhi moja ya Jumanne, aliingia mama mmoja mfupi mwenye kitambaa cha samawati kichwani na barua ile fupi mkononi.

"Nani hapa anaitwa Madam Wawira?"

"Ni mimi, Mama. Karibu ukae."

"Sikai. Hii barua inasema tumefikiriwa. Mlitufikiria mkiwa wapi? Kwetu hamkukuja."

Nilimwuliza anatoka wapi. Alitoka Mikinduri. Watu walimwita Mama Kendi. Alikuwa amefundisha watoto wa nasari hadi akastaafu, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kikundi kidogo chenye karakana nyuma ya soko. Nililikumbuka ombi lake. Lilikuwa na maelezo ya nusu ukurasa: "Tunasaidia walemavu kwa kazi za mikono." Siku hizi tunasema watu wenye ulemavu, lakini yeye aliandika kama watu walivyosema wakati ule.

"Ombi halikukubaliwa, Mama," nikamwambia.

"Hiyo nimesoma. Kusoma najua. Sababu ndiyo sioni."

"Sababu ziko ndani ya faili."

"Basi fungua."

"Siwezi. Ni za ofisi."

"Zinahusu nani?"

"Zinawahusu ninyi."

Alinitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekula chaki. "Zinatuhusu sisi, na sisi ndio hatufai kuziona?"

Nilimwambia arudi siku nyingine, jambo ambalo afisa husema anapotaka mtu asirudi. Alirudi Ijumaa. Akarudi Jumanne iliyofuata. Alikuja na sindano zake mbili na uzi wa sufu, akaketi kwenye benchi la wateja akifuma sweta. Alibeba chupa ya uji akagawana na askari wa lango. Alisalimia kila mlipa kodi aliyepita, akimwuliza habari za ng'ombe na za watoto, mpaka benchi letu likawa mahali pa furaha kuliko soko. Kila nilipopita alisema neno moja tu, kwa upole: "Sababu, Madam?" Msimamizi akaanza kuingia ofisini kwa mlango wa nyuma.

Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia ni bora aende nyumbani akapumzike.

"Madam," alijibu bila kuinua macho kwenye sweta, "kwetu hata mwizi wa ndizi akishikwa, wazee humwita. Humwambia, umesemwa hivi, wewe wasemaje? Ndipo wanamtoza faini. Sisi hatukuiba hata ndizi."

Nilichokuwa sijui ni kwamba alikuwa akishindana na kalenda. Marafiki wa kikundi ng'ambo walikuwa wamewaahidi mashine ya kupinda mabomba ya chuma na shehena ya magurudumu. Wasingeipakia melini kabla ya kuona cheti cha msamaha, na kama mwaka ungeisha bila cheti, mashine ingepewa kikundi cha nchi nyingine. Kwenye ukuta wa karakana kulikuwa na orodha ya majina ya watu waliokuwa wakingoja. Mmoja wao alikuwa msichana wa darasa la nne aliyebebwa na bibi yake mgongoni kwenda shule, na bibi mwenyewe alikuwa ameanza kutetemeka magoti.

Mungu ana njia zake. Msimamizi wa mlango wa nyuma alihamishwa, akaja mwingine. Huyu alikuwa mfupi, mwenye suti moja ya kijivu aliyoipiga pasi kila siku, na alikuwa akisoma sheria kwa masomo ya posta. Siku yake ya tatu aliniita.

"Yule mama anayefuma pale nje ni nani?"

"Alinyimwa msamaha, bwana."

"Kwa nini?"

Nikamletea faili. Alifungua upande wa kushoto, akasoma kwa sauti barua isiyo na jina tuliyokuwa tumeipokea miezi michache kabla. Iliandikwa kwa kalamu ya wino wa kijani: "Hicho kikundi cha Mikinduri ni biashara tu. Kila Alhamisi pikapu hujaa viti, hupelekwa hadi majumbani mwa watu. Mwenye macho na aone." Chini yake palikuwa na mwandiko wangu: "Nimethibitisha kwa simu na karani wa chifu. Ni kweli viti hutoka. Napendekeza ombi likataliwe."

"Aliyeandika ni nani?" Msimamizi aliuliza.

"Hakutia jina."

"Huyu mama alionyeshwa barua hii?"

"Hapana, bwana."

"Aliulizwa?"

"Hapana."

"Ulikwenda Mikinduri?"

"Mvua ilikuwa imeharibu barabara."

"Barua ya kumwuliza ingefika?"

"Ingefika," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepungua.

Alifunga faili taratibu. "Madam Wawira, labda wao ni wafanyabiashara. Labda pendekezo lako ni sahihi kabisa. Lakini sisi hatujui, kwa sababu hatujauliza. Tumekisia, kisha tukapiga muhuri."

Masikio yalinichoma moto. Nilikuwa afisa aliyejivunia kazi yake, tena mbele ya mkubwa mgeni. Nikasema, "Sheria haisemi tuwaite wajitetee."

"Haisemi tusiwaite," alijibu. "Na majaji wameshasema mara nyingi kwamba mtu asihukumiwe bila kusikizwa. Hukumu si ya mahakamani peke yake. Hata kalamu yako inahukumu."

Wiki hiyo alipata kibali cha Nairobi cha kulifungua upya ombi lile. Akaniketisha na kunifundisha jinsi ya kuandika barua ambayo sikuwahi kuiandika. Kwanza, useme unachokusudia kufanya na kwa sababu gani, kwa maneno ambayo mtu wa kawaida ataelewa. Pili, umpe nakala ya kila karatasi unayoitegemea, hata ile ya wino wa kijani. Tatu, umpe muda wa kutosha kujiandaa. Yeye alitoa wiki tatu. Nne, umwambie anaweza kuja kujieleza pamoja na mtu yeyote amtakaye na kuuliza maswali. Nilipofika kwenye sehemu ya wasikizaji, yaani watakaomsikiliza na kuamua, nikaandika jina lake na langu. Alilifuta langu.

"Wewe umeshaamua," alisema. "Aliyeamua hawezi kukaa tena kwenye kiti cha mwamuzi. Nitamwita afisa mkuu wa Embu akae nami. Wewe utakaa pembeni, na utaulizwa."

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Nikamweleza mume wangu wakati wa chakula kwamba nimegeuzwa mshtakiwa katika ofisi yangu mwenyewe. Alimeza njahi zake, akafikiri, akasema, "Kama uliandika kweli, unaogopa nini?" Sikumwongezea chakula.

Mama Kendi alipokuja Ijumaa nilimkabidhi barua mwenyewe. Nilikuwa ninatoa nje upande wa kushoto wa faili, na sauti ya yule msimamizi wa Embu ilikuwa bado ikiniimbia masikioni. Aliketi benchini akasoma. Alipofika kwenye nakala ya wino wa kijani aliweka kiganja mdomoni, akainama, mabega yakaanza kutikisika. Nikakimbia kuleta maji. Nilipomfikia nikaona halii. Alikuwa akicheka hadi machozi yanamtoka.

"Viti!" alisema. "Madam, viti!"

Akakusanya sindano zake na uzi wake, akaondoka. Hakuniambia zaidi.

Siku ya kusikizwa ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa tumepanga chumba cha mikutano, jagi la maji na bilauri. Saa tatu kamili tukasikia honi nje. Msimamizi, afisa mkuu wa Embu na mimi tukatoka barazani. Palikuwa na pikapu kuukuu uani, na nyuma yake imejaa viti, vimefungwa kwa kamba vikielekea mbinguni. Bakari, fundi wa ngozi wa kikundi, Mwislamu wa mjini Meru ambaye alijifunza kazi kwa kushona hatamu na viatu, alikuwa akivishusha kimoja kimoja.

Kila kimoja kilikuwa na magurudumu.

Vilikuwa viti vya watu wasioweza kutembea, vilivyotengenezwa kwa mabomba ya maji, matairi ya baiskeli na mikanda ya ngozi. Vingine vilikuwa vidogo vya mbao, vyenye meza mbele na mikanda ya kushika kifua, vya watoto ambao shingo zao hazina nguvu. Kwenye kimoja alikuwa ameketi mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mikono minene ya kazi. Huyo alikuwa Kendi mwenyewe, binti ya mwenyekiti. Polio ilimchukua miguu akiwa mdogo, na yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa karakana.

"Waheshimiwa," alisema Mama Kendi, "tumesemwa kwamba tunajaza viti kwenye pikapu tunapeleka majumbani. Ni kweli. Tumeleta. Kaeni."

Msimamizi alikuwa mtu wa kupima mambo mwenyewe. Akachagua kiti, akaketi na suti yake ya kijivu, akasema, "Kinakaa vizuri." Ua wetu ulikuwa na mteremko. Kiti kilianza kwenda, polepole kwanza, kisha kwa haraka ya mtu mwenye safari. Tulimwona mkubwa wetu akipita mbele ya mlango wa kaunta, akiwapungia wateja mkono kwa adabu asijue la kufanya, mpaka akaingia ndani ya ua wa maua upande wa pili.

"Breki ni hiyo ya kulia, mheshimiwa!" Kendi alipaza sauti.

Askari wa lango alimsaidia kutoka. Alijifuta majani, akarudi, akasema kwa uso mkavu, "Iandikwe kwamba magurudumu yanafanya kazi." Hapo hakuna aliyejizuia.

Tulipoingia ndani, hata hivyo, alitukumbusha kwamba kicheko si uamuzi. Akaanza kuuliza, na maswali hayakuwa mepesi. Je, wanauza kitu chochote?

Kendi ndiye aliyejibu. "Tunauza stuli kwa wenye hoteli. Zinatengenezwa na vijana wetu tunaowafundisha, wale ambao wamekataliwa kazi kwingine kwa sababu ya miguu. Viti vya magurudumu hatuuzi. Mwenye kitu hutoa, asiye nacho huketi bure."

Sheria inaliruhusu hilo, na nilipaswa kulijua: kikundi cha hisani kinaweza kufanya biashara ikiwa kazi inafanywa na walewale wanaosaidiwa na mapato yanarudi kwenye lengo. Nilikuwa nimelisoma kwenye mtihani, nikalisahau nilipoona neno biashara.

Kisha Mama Kendi akaambiwa anaweza kuniuliza maswali. Alisimama, akanigeukia.

"Madam Wawira, ulipoambiwa viti, wewe ulifikiri viti gani?"

"Vya sebuleni, Mama," nikasema. "Sofa."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na mimi nikacheka pia. Niliposhika tena pumzi nikasema jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu wowote. "Nilikosea. Si kwa kufikiri sofa. Kila mtu angefikiri sofa. Nilikosea kwa kuwa sikuwauliza, na ninyi mlikuwa mmeketi hapo nje wiki baada ya wiki."

Alinitazama kidogo. "Haya," alisema. "Tumesikizana." Akaketi.

Nilidhani tumemaliza, lakini afisa mkuu wa Embu, mzee makini ambaye alikuwa hajasema neno, aliinua katiba yao akasoma kifungu cha mwisho. Kilisema kwamba kikundi kikivunjika, mali yake itagawanywa kati ya wanachama. "Hiki," alisema, "hakikubaliki. Mali ya hisani haiwezi kuishia mifukoni mwa wanachama. Ni lazima iende kwa kikundi kingine cha hisani. Kwa kifungu hiki peke yake, tungewanyima, na tungekuwa sahihi."

Hata mimi sikuwa nimekiona kifungu hicho. Nilikuwa nimeridhika na barua ya wino wa kijani. Bakari akauliza kwa sauti ndogo, "Kinarekebishwa?"

"Kinarekebishwa na mkutano wa wanachama."

"Wanachama wangapi wanatosha?"

"Katiba yenu inasema theluthi mbili."

Mama Kendi akasimama akahesabu vichwa chumbani. Pikapu ilikuwa imewabeba karibu wote. Wakaomba ruhusa, wakatoka barazani, wakafanya mkutano wao palepale, Kendi akiandika kumbukumbu za mkutano juu ya meza ya kiti cha mtoto. Kabla ya chakula cha mchana kifungu kilikuwa kimebadilishwa na kutiwa sahihi. Fikirini: kwa miezi yote ile tuliwanyima kwa sababu isiyo ya kweli, huku sababu ya kweli ikiwa ugonjwa wa kutibiwa asubuhi moja.

Uamuzi uliandikwa kurasa mbili, wenye kila sababu yake. Nairobi iliukubali, na cheti kilifika Meru kabla mwaka haujaisha. Nilikipeleka Mikinduri mwenyewe, ingawa barabara ilikuwa mbaya kama mara ile niliyokosa kwenda. Mashine ilipokuja nilialikwa, nikala mukimo hadi nikafungua kifungo. Yule bibi wa kutetemeka magoti alikuwepo, ameketi kivulini mikono mitupu, akimtazama mjukuu wake akizunguka uwanja kwa magurudumu na kugonga kuku wa watu.

Nilimwuliza Mama Kendi kama angependa tumtafute aliyeandika ile barua. Akakataa. "Mwache," alisema. "Ametuletea wageni."

Tangu hapo sikuandika tena barua ya sentensi moja. Niliporudishwa Embu, safari hii nikiwa msimamizi mimi mwenyewe, utaratibu ule ulikuwa sheria ya ofisi: barua ya kusudio, nakala za karatasi, muda wa kujiandaa, msikizaji asiyehusika, na uamuzi wenye sababu. Baadhi ya maafisa vijana walinung'unika kwamba ninawapotezea muda. Nikawaambia muda ni wa serikali, na serikali ni ya huyo aliye benchini.

Msidhani kila aliyesikizwa alikubaliwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa kwetu Kibugu, mkulima wa chai mwenye heshima, aliyeanzisha mfuko wa elimu. Tulipoutazama tukaona kila mwanafunzi aliyesaidiwa alikuwa mjukuu wake. Tulimwandikia, tukamwita, akaja na wajukuu wanane waliovaa sare safi kabisa. Alizungumza saa nzima, akasikizwa saa nzima. Tukamnyima, na tukamweleza kwamba ukoo wake, hata uwe mkubwa vipi, si umma. Akakata rufaa kwa kamati, akashindwa huko pia. Baadaye nilikutana naye kituo cha kuuzia majani chai, nikataka kujificha nyuma ya magunia. Akaniita.

"Wawira, binti ya fulani! Mmeninyima."

"Ndiyo, Mzee."

"Lakini mmeninyima vizuri," alisema, akanipa mkono. "Sikuambiwa toka. Niliambiwa kwa nini."

Miaka ilipita, mashine za chapa zikaondoka, uzi wa kijani ukaisha. Nchi ilipopata katiba mpya, nilifungua nakala yangu jikoni nikasoma kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za serikali, na kupewa sababu kwa maandishi anapoumizwa na uamuzi. Nilisoma kifungu hicho mara mbili, mwiko mkononi. Kile ambacho yule msimamizi wa suti ya kijivu alitufanyia kwa hiari yake sasa hakikuwa tena hisani ya mkubwa. Kilikuwa mali ya mwananchi. Maziwa yakafurika jikoni, nami sikujali.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye. Tulihamia Nchiru, kwenye kiwanja cha mume wangu, tukajenga vyumba kumi vya kupangisha wanafunzi wa chuo. Vijana hao huniuliza kama kazi ya kodi haikunichosha roho. Ninawaambia hapana. Kazi iliyonichosha ni kukataa watu bila kuwatazama usoni, na hiyo niliifanya miaka michache tu. Kinachobaki akilini ni sura: za waliofurahi, za waliokasirika, na za wale waliotoka wakiwa wamenyimwa lakini wakisema asante. Afisa kijana anayenisoma, usiogope kumwita mtu uliyekwisha kuamini kwamba ana makosa. Ukiwa sahihi, hutapungukiwa. Usipokuwa sahihi, amekuokoa.

Mwaka jana mimi na wanawake wenzangu wa kanisani tulianzisha kikundi cha kuwahudumia wazee wanaoishi peke yao. Tuliomba msamaha wa kodi. Mimi ndiye niliyejaza maombi, tena kwa majivuno makubwa. Baada ya mwezi ikaja barua: wanakusudia kutunyima, kwa sababu tatu zilizoelezwa vizuri, na tunaalikwa kusikizwa. Nilikasirika kwa dakika tano. Kisha nikaisoma tena, nikatafuta kasoro, sikuiona hata moja.

Tukaenda. Msikizaji alikuwa msichana mwenye nywele za kusuka na kompyuta mapajani. Hakujua mimi ni nani, nami sikumwambia. Alisoma hoja zake tatu kwa utulivu, akasukuma kompyuta kando, akanitazama machoni.

"Mama, uko na la kusema?"

Mimi, niliyewauliza watu swali hilo miaka yote ile, nilijikuta nimesahau nilichokuja kusema. Mwenzangu akanifinya mkono chini ya meza. Nikaanza pale nilipoweza kuanza. Nilisema kwa dakika ishirini, na yule msichana hakunikatiza hata mara moja.